Dizeli ni mwana wa nani?

Juma lililopita nilikuwa nikisafiri kwa matatu kutoka Nairobi kwenda Nyeri. Tulipoiacha Sagana na kuanza kupanda kuelekea Karatina, lori lililosheheni mchanga lilituzuia mlimani, likinguruma na kutupulizia moshi mweusi. Mzee mmoja aliyeketi nyuma yangu aliisifu injini ya lori hilo kwa uvumilivu wake, akaongeza kwamba Mwingereza ndiye aliyeibuni. Kijana aliyekuwa karibu na mlango, ambaye baadaye nilielewa kuwa ni fundi wa magari mjini Nyeri, alimwita guka kama ilivyo ada, kisha akampinga bila kulegeza: hakuna aijuaye dizeli kama Mjapani. Mama mmoja mwalimu akawakosoa wote wawili. Kwake yeye, jina lenyewe ni la Mjerumani, na kesi imekwisha.

Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Mzee alikumbuka kinu cha posho cha kijijini kwao miaka ya ukoloni, ambacho injini yake ilibandikwa kibati kilichoonyesha kwamba ilitoka Uingereza. Kijana alikuwa na mikono yake: tangu alipoanza ufundi amefungua na kufunga injini za Toyota na Isuzu, si za nchi nyingine. Mama mwalimu alikuwa na vitabu. Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno wala si mashine, nilinyamaza, kwa kuwa jambo lililonivutia halikuwa katika hoja zao bali katika neno walilokuwa wakilivuta huku na huku.

Dizeli, kwa Kiswahili chetu, ni mafuta. Tumeliingiza neno hilo katika ngeli ya I-ZI, likakaa pamoja na petroli na gesi, nasi tunauliza dizeli imepanda bei au imeshuka. Ni wachache wanaokumbuka kwamba neno hilo lilikuwa jina la mtu mwenye mke na watoto, kama vile volti lilivyotokana na Volta wa Italia na wati likatokana na Watt wa Uskochi. Mtu huyo nimesoma habari zake kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyozidi kuzisoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba mabishano ya mle matatuni yalikuwa yakimwandama yeye mwenyewe tangu utotoni.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Bavaria, baba yake akiwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi. Mtoto alikulia mitaani miongoni mwa Wafaransa na kusema lugha yao. Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, na watu wenye asili ya Kijerumani wakalazimika kuondoka. Familia ikakimbilia London. Muda si mrefu Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa Augsburg kuishi kwa jamaa zake, katika nyumba ya mwalimu wa hisabati. Basi kabla hajabalehe alikwisha kuwa Mjerumani mbele ya Wafaransa, mgeni mbele ya Waingereza, na mtoto wa Paris mbele ya Wajerumani.

Huko Munich alisoma uhandisi kwa Profesa Carl von Linde, bingwa wa mashine za barafu. Ilikuwa katika mihadhara ya Linde alipoelewa aibu kubwa ya karne ile: injini ya mvuke, iliyoendesha viwanda, meli na magarimoshi ya dunia nzima, ilipoteza sehemu tisa katika kumi au zaidi za joto la makaa ya mawe. Wazo hilo halikumtoka. Alihitimu mwaka 1880 kwa alama za juu kabisa, akarudi Paris kumfanyia Linde kazi ya mashine za barafu, akamwoa Martha Flasche mwaka 1883, na baada ya miaka kumi hivi akahamia Berlin.

Kanuni aliyoifikia yaweza kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kupiga pampu ya baiskeli na kuihisi ikipata moto mkononi. Hewa ikigandamizwa hupata joto. Ikigandamizwa kwa nguvu nyingi ndani ya silinda, joto hilo hutosha kuyawasha mafuta yakiingizwa humo, bila plagi wala cheche. Alipewa hataza nchini Ujerumani Februari 1893. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilikubali kumjengea injini ya majaribio, na kampuni ya Krupp ikachangia gharama. Tarehe 10 Agosti 1893 mafuta yaliwaka kweli, lakini kwa kishindo kilichokipasua kipimio cha shinikizo. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa kama dakika moja. Ilichukua miaka mingine mitatu hadi Profesa Moritz Schröter alipoipima rasmi, Februari 1897, akakuta kwamba inageuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna injini ya joto iliyokuwa imefika hapo.

Sasa nirudi kwa yule mzee, maana hakuwa akibwata. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart, mzaliwa wa Halifax, alipata hataza ya injini ya mafuta mazito mwaka 1890, miaka mitatu kabla ya Diesel, na kiwanda cha Hornsby cha Grantham kikaanza kuuza injini zake mwaka 1892. Waingereza hawakulisahau hilo. Kwa miaka mingi wahandisi wao wengi walilikwepa jina la Diesel, wakapendelea kuiita injini ya mafuta, au injini ya kuwasha kwa mgandamizo. Mwanaisimu hawezi kupita hapo bila kusimama. Kumbe vita vya mataifa hupiganwa hata katika kuchagua nomino!

Lakini tutazame kilichomo ndani ya silinda. Injini ya Akroyd Stuart iliigandamiza hewa kidogo tu, na mafuta yaliwaka kwa kugusa tunguu la chuma lililopashwa moto kwanza kwa taa. Injini ya Diesel iliwasha kwa joto la mgandamizo peke yake. Hapo Mjerumani ana haki yake. Hata hivyo, Diesel aliyaingiza mafuta kwa kuyapuliza na hewa iliyoshindiliwa, jambo lililohitaji mtambo mwingine mzito kando ya injini, na injini ya namna hiyo isingeweza kamwe kuupanda mlima wa Sagana ndani ya lori. Akroyd Stuart ndiye aliyeyasukuma mafuta kwa pampu bila hewa hiyo, na ndivyo zifanyavyo injini zote za dizeli tunazoziona barabarani leo. Kwa hiyo lori lililotuzuia lilikuwa likiwaka kwa akili ya mmoja na kunyweshwa kwa akili ya mwingine. Akroyd Stuart mwenyewe alihamia Australia na kufia huko mwaka 1927, wala hakuna aliyemfanya kuwa mafuta wala ngeli.

Nadhani wasomaji wengi watadhani kwamba Ujerumani, kwa upande wake, ilimkumbatia mwana wake. Mambo hayakuwa hivyo. Injini za mwanzo ziliharibika mikononi mwa wanunuzi, na mwaka 1898 yeye mwenyewe alilazwa kwa uchovu wa akili. Mamilioni aliyoyapata kwa kuuza haki za hataza yaliyeyuka katika ununuzi wa ardhi na biashara asizozijua. Mwaka 1912 alipowasilisha mhadhara mjini Berlin kuhusu asili ya injini yake, maprofesa wa nchi yake walimshambulia hadharani, wakidai kwamba alichokiandika katika hataza si kile kilichojengwa, na kwamba sifa ni za wahandisi wa Augsburg. Mwaka uliofuata Profesa Johannes Lüders alichapisha kitabu kizima cha kumkana, akakipa jina lililomaanisha kwamba Diesel ni kisasili tu. Hao hawakuwa Waingereza wala Wafaransa. Walikuwa Wajerumani wenzake, naye angali hai.

Kuna jambo jingine ambalo ubishi wa mataifa huwa unalifunika, na ambalo kwangu ndilo lenye uzito kwetu sisi wa Mlima Kenya. Diesel hakuiota injini yake kwa ajili ya makampuni makubwa. Alitaka fundi mdogo, seremala na mfumaji, awe na nguvu ya bei nafuu ili asimezwe na viwanda vyenye injini za mvuke. Mwaka 1903 alitoa kitabu kuhusu umoja wa wafanyakazi wanaochangia fedha na kumiliki kazi zao wenyewe. Karibu hakuna aliyekinunua. Nikikumbuka kinu cha posho cha mzee yule, na mafundi wa jua kali wa Karatina, na vyama vya ushirika vya kahawa vya Othaya na Mathira, huona kwamba hapa kwetu ndoto yake ilipata makao kuliko ilivyopata Munich, ingawa hakuna aliyetuletea kitabu chake.

Tena si hayo tu. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, mojawapo ya injini za dizeli zilizoonyeshwa iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Diesel alieleza baadaye, mwaka 1912, kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyolitaka jaribio hilo, ikizifikiria koloni zake za Afrika ambako njugu humea kwa wingi, ili zipate nguvu kutoka katika udongo wake. Afrika ilikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo, ila ilihesabiwa kama shamba.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli iitwayo Dresden huko Antwerp, akielekea Uingereza kwa shughuli za kampuni iliyokuwa ikijenga kiwanda cha injini zake mjini Ipswich. Alikula chakula cha usiku na wenzake, akaagana nao, akaingia chumbani. Asubuhi hakuwamo. Siku kadhaa baadaye mashua ya Kiholanzi iliuona mwili baharini. Mabaharia wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuuacha mwili uende na maji, na mwanawe Eugen akavitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Ilidhihirika kwamba alikuwa amefilisika. Wengi wa watafiti huamini kwamba alijitupa mwenyewe, lakini magazeti ya wakati ule yalikuwa na hadithi tamu zaidi: wengine walisema ameuawa na majasusi wa Ujerumani asiwape Waingereza siri za nyambizi, wengine wakawashuku matajiri wa mafuta. Hata maiti yake iligombaniwa na mataifa.

Hakuwahi kuliona gari dogo la kawaida likiendeshwa na injini yake. Malori ya Kijerumani yalitangulia, mwaka 1923 na 1924. Kuhusu motokaa, ugomvi ulianza upya: Wajerumani huitaja Mercedes-Benz 260 D ya mwaka 1936, Wafaransa nao huitaja Citroën Rosalie ya mwaka 1933. Rosalie hiyo ilitumia chumba cha mwako kilichobuniwa na Mwingereza Harry Ricardo, ili kuitekeleza kanuni ya Mjerumani aliyezaliwa Paris. Mwenye kuweza kuigawa bendera hapo na aigawe.

Mtu aweza kuuliza madhara ya ubishi huu ni yapi, kama si wa kupunguzia urefu wa safari. Madhara yapo. Waaustria kwa muda mrefu walimtaja Siegfried Marcus wa Vienna kuwa ndiye mwanzilishi wa gari la petroli. Marcus alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na mwaka 1940 wizara ya propaganda ya Wanazi iliamuru kamusi elezo za Kijerumani zilifute jina lake na kuwaweka Daimler na Benz. Baada ya vita Waaustria waliirudisha sanamu yake, na wakaendelea kushikilia kwamba gari lake maarufu ni la mwaka 1875, hadi uchunguzi ulipoonyesha kwamba lilitengenezwa mwaka 1888 au 1889, baada ya lile la Benz. Upande mmoja ulimfuta mtu. Upande wa pili ulimwongezea miaka. Mimi niliyeshiriki katika kuandaa fasili za kamusi najua jinsi ilivyo rahisi kufanya yote mawili kwa mstari mmoja.

Nasi tunaanza kuuonja ugonjwa huo. Nimewasikia wanafunzi wangu wakigombana kama Nyayo Pioneer la Kenya, lililozinduliwa mwaka 1990, ndilo gari la kwanza la Afrika Mashariki, au malori ya Nyumbu ya Kibaha, au Kiira ya Makerere ya mwaka 2011. Hakuna hata mmoja aliyeweza kunitajia jina la mhandisi aliyelichora lolote kati yake. Bendera wanazijua, watu hawawajui.

Na yule kijana fundi je? Huko Augsburg, katika bustani ya Wittelsbach, kuna mahali pa kumkumbuka Diesel palipopambwa kwa mawe. Palifunguliwa mwaka 1957, na aliyepatoa kwa heshima hiyo hakuwa Mjerumani, bali Magokichi Yamaoka, Mjapani ambaye kampuni yake ya Yanmar ilitengeneza injini ndogo ya dizeli mwaka 1933, ndogo kiasi cha kumfaa mkulima. Nilitaka kumgeukia kijana na kumsimulia hayo, lakini tulikuwa tumefika Karatina, na wauzaji wa ndizi walikuwa wamekwisha kuyajaza madirisha.

Mzee alishuka hapo. Akiwa chini, huku akiisubiri fimbo yake aliyokuwa akipitishiwa na mama mwalimu, alimkumbusha kijana kwa mara ya mwisho habari za kile kibati cha Uingereza. Kijana alicheka, akampokea mfuko wake wa mbegu na kumshikia hadi akavuka barabara.