Mtoto wa Moshi aliyewapigia Wasomali udi

Hapa Garissa nina beste anayeficha gitaa chini ya kitanda. Wazee wake wakilipata, hiyo ni kesi. Kwao muziki ni mambo ya shetani, na kijana wa familia inayojulikana kwa dini hawezi kuonekana akikwaruza nyuzi. Juzi aliniuliza kama kuna mtu wa aina yake aliyewahi kutoboa. Nikamwambia yupo: Abdullahi Qarshe.

Huyu ndiye anayeitwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, na wala hakuzaliwa Hargeisa au Mogadishu. Alizaliwa mwaka 1924 Moshi, pale chini ya Mlima Kilimanjaro, kwenye familia ya watu wa dini. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, mama akahamia Aden na watoto wake, mji wa bandari wa Yemen uliokuwa chini ya Waingereza.

Aden ilijaa sauti. Wahindi walikuwa na sinema na nyimbo zao, Waarabu na udi wao, Wazungu na bendi zao. Wasomali je? Walikuwa na mashairi, tena si ya mchezo. Kwenye gabay, kila mstari lazima ubebe neno linaloanza na sauti ileile, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini nyimbo za ala, zile unazoweza kupeleka redioni? Hapo kulikuwa na pengo, na pengo hilo lilimsumbua Qarshe.

Basi akaushika udi, uleule unaousikia kwenye taarabu ya Pwani. Wasomali wanauita kaban. Miaka ya 1940 alivuka bahari kwenda Somaliland, wakati huo ikiwa chini ya Uingereza. Huko dereva wa lori, Abdi Sinimo, alikuwa ameanzisha balwo, vishairi vifupi vya mapenzi vilivyopendwa sana na vijana na kulaaniwa sana na masheikh. Qarshe aliingia katikati ya moto huo akiwa na udi mkononi.

Alichofanya kinaonekana rahisi leo. Alichukua ushairi wa wazee, akauvalisha udi wa Kiarabu, akaongeza ladha za Kihindi alizokulia nazo Aden, na baadaye gitaa na piano. Siku hizi mwanajazi akitoa albamu inayochanganya fasihi na midundo ya dunia, tunamwita mbunifu. Qarshe alifanya hivyo huku jamii ikimkazia macho.

Na hakuimba mapenzi tu. Miaka ya 1950 alikuwa kiungo wa Walaalo Hargeisa, kundi la nyimbo na michezo ya kuigiza. Waingereza walipoiachia Ethiopia malisho ya Haud, nyimbo zilibeba hasira ya watu. Wakati mwingine ungedhani ni wimbo wa mpenzi aliyepotea, kumbe anayeliliwa ni nchi. Patrice Lumumba alipouawa Kongo mwaka 1961, Qarshe alimtungia wimbo kwa Kisomali. Kijana wa Moshi aliona msiba wa Kongo ni wa nyumbani.

Alifariki London mwaka 1994, mbali na Hargeisa, mji uliokuwa umebomolewa na vita.

Ninachompendea ni hiki: hakukimbia watu wake ili awe mwanamuziki. Alichukua kitu walichokiheshimu kuliko vyote, yaani neno, akaweka udi chini yake. Waliokuja kumlaumu walikuta tayari wanayajua mashairi.

Nimemtumia beste wangu nyimbo tatu za Qarshe. Amejibu kwa swali moja: nyanyake anajua mashairi ya buraanbur, je, aanze na hayo? Maze, anza na hayo.