Mark Weiser: Mpiga drams aliyetaka kompyuta zijifiche

Kama TV ya kwenu inashika WiFi, ama sola ya shags huzimwa kutoka mbali mkichelewa kulipa, basi unaishi ndani ya ndoto ya jamaa aliyeaga dunia mwaka wa 1999. Watu wa kompyuta wanamheshimu sana Mark Weiser. Huku mtaani hatumtaji.

Alizaliwa Marekani mwaka wa 1952. Alianza chuo kule Florida, akaacha bila digrii. (Ndio, kama baadhi yetu. Tulia.) Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Michigan na kutoka na uzamifu mwaka wa 1979. Akafunza Maryland, kisha 1987 akajiunga na Xerox PARC, maabara ya utafiti iliyoko Palo Alto, California.

Enzi hizo kompyuta ilikuwa sanduku la mezani, unaikalia mbele kama uko kwa kinyozi. Weiser alichukia hiyo tabia ya mashine kudai macho yako yote. Alitaka kompyuta nyingi, ndogo, zilizofichwa ndani ya vitu vya kawaida na kuunganishwa kwa mtandao. Yeye na wenzake wakaunda za saizi tatu: ya kiganjani, ya ukubwa wa karatasi, na ya ukubwa wa ubao wa darasa. Sasa angalia simu yako, tableti, na ile skrini kubwa ya ofisini.

Septemba 1991 aliandika makala katika jarida la Scientific American. Humo kuna mwanamke anaitwa Sal. Saa yake inahisi akigeukageuka kitandani, inamuuliza kama anataka kahawa, anakubali, na kahawa inatengenezwa. Mwaka wa 1991, bana!

Mimi napenda zaidi ile kamba. Msanii Natalie Jeremijenko aliining'iniza darini pale PARC, ikashikiliwa na mota iliyounganishwa na waya wa mtandao. Data ikipita kidogo, kamba inatikisika kidogo. Mtandao ukijaa, inazunguka kwa fujo. Unapita zako na tayari umejua hali, bila skrini, bila arifa. Weiser aliitumia kueleza teknolojia tulivu. Linganisha na friji ya leo inayokutumia ujumbe kwa simu.

Lakini hakuwa mjinga. Pale PARC watu walivaa beji zilizoambia mtandao wako chumba gani, na katika makala hiyohiyo alionya kwamba vyumba vilivyojaa vifaa vya kuhisi watu vinaweza kumpa dikteta nguvu ambazo hajawahi kuota. Kampuni nyingi zilizomfuata zilichukua kahawa, zikaacha onyo.

Na huyu daktari wa kompyuta alipiga drams katika bendi ya Severe Tire Damage, ambayo Juni 1993 ilikuwa ya kwanza kupiga shoo moja kwa moja kwenye intaneti.

Aprili 1999 saratani ilimuua akiwa na miaka 46. Wakati huo hapa Nairobi hata simu ya mkononi ilikuwa ya matajiri.