Tom Mboya: Mwana wa Shamba la Mkonge

Jina la Tom Mboya likitajwa, wengi hukumbuka ndege zilizowapeleka vijana wetu kusoma Marekani, kisha risasi za mwaka 1969. Leo tungependa kukaa zaidi kwenye kazi ambayo haisimuliwi sana: jinsi alivyopanga uchumi wa Kenya ilipokuwa bado changa.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, Sherehe ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, huko Kilima Mbogo karibu na Thika. Baba yake, Leonard Ndiege, mtu wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la mzungu. Mboya alisoma katika shule za misioni Kabaa, Yala na Mang'u, lakini karo ikamshinda mzee, na kijana akaondoka bila kufanya mtihani wa mwisho. Akasomea ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa jijini Nairobi kwa mshahara mdogo sana kuliko wa mzungu wa kazi ile ile. Siku moja alikuwa peke yake akipima maziwa. Mama mmoja wa kizungu akaingia, akatazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu. Mboya naye akamuuliza kama macho yake yana kasoro.

Uchungu huo aliupeleka kwenye vyama vya wafanyakazi. Ilikuwa Hali ya Hatari, vyama vya siasa vya Waafrika vimepigwa marufuku, na vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki na sauti. Mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, alishuka pwani akawaomba warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa, nao wakapata nyongeza ya theluthi moja hivi. Sisi tunaosoma Rerum Novarum ya Papa Leo XIII darasani tunaona pale haki ya mfanyakazi kujiunga na wenzake ikitendeka gatini, katikati ya magunia.

Akawa Waziri wa Kazi mwaka 1962. Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na wafanyakazi walikubaliana Mkataba wa Mahusiano Kazini, na mwaka 1964 ikaanzishwa Mahakama ya Viwanda ya kuamua migogoro yao. Wapo waliolalamika kwamba Mboya aliyekuwa akipanga migomo sasa anaifunga kamba. Tunadhani lawama hiyo ina ukweli kiasi, ila mfanyakazi aliyefukuzwa ovyo alipata mahali pa kupeleka kesi yake.

Mwishoni mwa 1964 alikabidhiwa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Mwaka uliofuata serikali ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, na Mboya ndiye aliyeutetea zaidi. Ulikataa ukomunisti na pia ubepari wa kuachiwa huru, ukakubali mali binafsi na mitaji ya kigeni, ukasema mali isitaifishwe ila inapobidi, tena kwa fidia. Jaramogi Oginga Odinga na wenzake waliona jina ni ujamaa lakini njia ni ile ile ya mkoloni. Mchumi kijana Barack Obama, baba wa rais wa Marekani wa baadaye, aliukosoa kwa maandishi mwaka huo huo.

Kipengele kinachotuuma ni cha 133. Kilisema fedha za maendeleo ziwekezwe kwanza penye mavuno makubwa, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kisha faida isaidie sehemu nyingine. Kwa hesabu tupu ni jambo la akili, maana nchi ilikuwa na fedha chache na midomo mingi. Lakini muulize mwenzetu wa jimbo la Lodwar au Marsabit ile faida ilifika lini. Kwa miaka mingi huko kaskazini shule na zahanati ziliachiwa wamisionari. Katiba ya 2010 ilipounda Mfuko wa Usawazishaji, ilikuwa inajaribu kurekebisha jeraha hilo. Mboya hakuishi kuona kama sehemu ya pili ya kipengele chake ingetimizwa, na waliobaki hawakuitimiza.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Siku ya Misa ya wafu katika Kanisa Kuu la Familia Takatifu, umati wenye hasira ulilirushia mawe gari la Rais Kenyatta, na polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo. Aliyemtuma hakujulikana kamwe. Mboya amelala Rusinga, na sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 2011 iko hatua chache kutoka alipoanguka, kwenye barabara ambayo sasa inaitwa Moi Avenue.