Hiram Percy Maxim: Mtoto wa fundi wa bombomu aliyeinyamazisha bunduki

Na Mwandishi Wetu, Kamanga

KELELE za injini ni sehemu ya maisha ya Kamanga. Kivuko kinachovusha abiria na magari kati ya upande huu wa Wilaya ya Sengerema na jiji la Mwanza husikika kabla hakijafika, na pikipiki zinazosubiri abiria karibu na gati nazo hazikai kimya. Hata hivyo, kelele hizo zingekuwa kubwa mara nyingi zaidi kama si kile chombo cha bati kilichofungwa kwenye bomba la moshi, ambacho mafundi hukiita eksozi.

Si wengi wanaofahamu kuwa chombo hicho kina undugu wa karibu na kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki, kile ambacho wasomaji wa riwaya za upelelezi za Kiswahili wamekuwa wakikutana nacho mikononi mwa majasusi. Vyote viwili hufanya kazi moja, yaani kuichelewesha hewa ya moto isitoke kwa kishindo. Na jina linaloviunganisha ni la Mmarekani mmoja aliyefariki dunia mwaka 1936, Hiram Percy Maxim.

Jina la Maxim si geni katika Ziwa Victoria, japokuwa lililofika huku kwanza ni la baba, si la mwana.

Baba yake mzazi, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyetengeneza mwaka 1884 bunduki ya kwanza iliyojipakia risasi kwa nguvu ya mshindo wake yenyewe. Wazee wetu waliipa silaha za namna hiyo jina la bombomu, na kwa hakika hakuna jina lililozifaa zaidi. Mwaka 1889 msafara wa Henry Morton Stanley, uliokuwa ukimtoa Emin Pasha kutoka kaskazini, ulipumzika katika kituo cha wamisionari cha Usambiro, kusini mwa ziwa hili, ukiwa na bunduki hiyo ya Maxim. Kutoka hapo ulikatiza Usukuma kwa mapigano na wenyeji hadi ukafika Bagamoyo mwezi Desemba. Januari 1892 bombomu ya Maxim ilisikika tena ufukweni mwa ziwa, safari hii katika vita vya Mengo, Buganda, chini ya Kapteni Frederick Lugard. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Wajerumani na Waingereza waliopigania Bukoba mwezi Juni 1915 na Mwanza mwezi Julai 1916 walikuwa na bunduki zilizotokana na uvumbuzi huo huo.

Mtoto wa mtu huyo ndiye aliyekuja kutafuta ukimya.

Kukulia bila baba

Hiram Percy alizaliwa Septemba 2, 1869, Brooklyn, New York, akiwa mtoto wa kwanza na wa kiume pekee wa Hiram Stevens na mkewe, Jane Budden. Baada yake walizaliwa mabinti wawili, Florence na Adelaide.

Mwaka 1881 baba aliondoka kwenda Paris katika maonesho ya umeme, kisha akahamia London na kuanzisha maisha mengine pamoja na mwanamke mwingine. Familia aliyoiacha Marekani ilibaki mikononi mwa mama. Huko Uingereza baba alitajirika, na mwaka 1901 akatunukiwa cheo cha heshima cha Sir. Nyumbani kwa Jane, Percy na dada zake walimfahamu baba yao zaidi kwa habari kuliko kwa sura.

Pamoja na hayo, kijana huyo alifuata njia ile ile ya ufundi. Alihitimu katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts mwaka 1886 akiwa na umri wa miaka 16 tu, umri ambao wenzake wengi walikuwa bado wanahangaika na masomo ya sekondari. Alifanya kazi katika kiwanda cha makombora mjini Lynn, Massachusetts, na usiku akawa anachezea petroli na injini. Mwaka 1895 alifunga injini ya petroli kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, bila kufahamu kuwa kule Ujerumani Benz na Daimler walikwishamtangulia kwa karibu miaka kumi. Mwaka huo huo aliajiriwa na kampuni ya Pope ya Hartford, Connecticut, iliyokuwa ikitengeneza baiskeli na baadaye magari ya umeme. Mwaka 1898 alimuoa Josephine Hamilton, binti wa aliyewahi kuwa gavana wa Maryland.

Maji ya bafuni

Namna wazo la kiwambo lilivyomjia ni kisa kilichosimuliwa mara nyingi. Inaelezwa kuwa siku moja baada ya kuoga aliyatazama maji yakitoka katika beseni la bafuni, akaona jinsi yanavyozunguka kabla ya kuzama kwenye tundu. Maji yanayozunguka hayatoki kwa pupa. Akajiuliza kama moshi wa baruti nao ungeweza kuzungushwa hivyo hivyo mbele ya mtutu.

Msomaji anaweza kulielewa jambo hili kwa kufikiria tairi la baiskeli. Likipasuka, upepo wote hutoka mara moja na mtaa mzima hushtuka. Ukibonyeza vali, upepo ule ule hutoka kidogo kidogo kwa mlio hafifu. Kiwambo ni bomba linalofungwa kwenye ncha ya mtutu, ndani yake mkiwa na visahani vilivyotobolewa katikati. Risasi hupita kwenye matundu bila kugusa kitu, huku hewa ya moto inayoifuata ikinaswa kati ya kisahani na kisahani, ikizunguka, ikipoa na kutoka ikiwa imekwisha nguvu.

Maxim alipata hataza ya Marekani mwezi Machi 1909, na kampuni yake ikaanza kuviuza viwambo madukani na kwa njia ya posta kwa dola chache tu. Katika toleo la mwaka 1910 alilisogeza tundu kutoka katikati ya bomba kwenda juu, ili mwili wa kiwambo uning'inie chini ya mtutu na usimzibe mlengaji. Ni marekebisho madogo, lakini yanaonesha mtu aliyetengeneza chombo akiwa amekitumia yeye mwenyewe.

Wateja wake hawakuwa wauaji. Walikuwa watu waliopenda kulenga shabaha nyuma ya nyumba bila kuwasumbua majirani, na wakulima waliofukuza wanyama waharibifu. Baba yake, ikumbukwe, alizeeka akiwa karibu kiziwi kabisa kwa sababu ya miaka mingi ya kujaribu bombomu zake. Sina haja ya kudai kuwa mwana alifanya alichofanya kwa ajili ya masikio ya baba. Inatosha kuviweka vitu hivyo viwili pamoja.

Kwa nini bunduki ndogo

Kiwambo cha Maxim hakikuwa na dawa ya kila kelele. Bunduki hutoa sauti ya baruti mdomoni mwa mtutu, na pia mpasuko wa risasi yenyewe inapokwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya takriban meta 340 kwa sekunde. Mpasuko huo hutokea angani njia nzima na hakuna bomba la kuuzuia. Jeshi la Marekani, lililokijaribu kiwambo kwenye bunduki zake kubwa za Springfield, lililifahamu hilo mapema.

Ndiyo maana kiwambo kilipata makazi yake halisi katika bunduki ndogo ya kaliba .22, ile ambayo fataki yake haimo katikati ya kitako cha ganda bali imezungushwa kwenye ukingo wake. Baruti yake ni chache, na zipo risasi zake zinazokwenda taratibu kuliko sauti. Bila kiwambo hupiga mlio wa takriban desibeli 140, kiwango kinachoweza kudhuru sikio papo hapo. Kikiwepo mlio hushuka hadi kati ya 115 na 120. Anayechagua kiwambo cha bunduki hiyo huanza kwanza na risasi, maana akiweka ya mwendo wa kasi atausikia mpasuko vile vile. Kisha hutazama uzito, kwa sababu chuma kirefu mbele ya mtutu mwepesi huivuruga shabaha, na hatimaye huhakikisha kuwa tundu la kiwambo na la mtutu yamenyooka mstari mmoja. Yakipishana kidogo, risasi hugonga visahani.

Tatizo kubwa zaidi ni uchafu, na hapa bunduki ndogo ni mbaya kuliko kubwa. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kitu kinachofyatuliwa na kwa madini ya rangi ya kijivu, na kwa kaliba .22 neno hilo ni sahihi mara mbili. Risasi nyingi za aina hii ni madini matupu yaliyopakwa nta, bila gamba la shaba la kuyafunika. Kila mlio huacha ndani ya kiwambo vumbi la madini, nta iliyoyeyuka na masizi, na baada ya mamia ya milio vyumba vya ndani hujaa ukoko mgumu. Kiwambo huwa kizito, na vipande vyake hushikana kana kwamba vimechomelewa. Enzi za Maxim hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani fataki za wakati huo ziliacha chumvi zilizovuta unyevu na kukilisha chuma kutu; risasi zisizo na chumvi hizo zilienea Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kwa sababu hiyo viwambo vingi vya .22 vinavyotengenezwa siku hizi hufunguka, kipande kimoja kimoja. Visahani vya chuma kisichoshika kutu huweza kusuguliwa kwa nguvu. Vya alumini huharibiwa na dawa kali, hivyo hufaa kulowekwa katika mafuta ya kusafishia bunduki na kupigwa brashi laini. Wako wanaochanganya siki na haidrojeni peroksaidi ili kuyeyusha ukoko haraka. Mchanganyiko huo huyageuza madini ya risasi kuwa sumu iliyoyeyuka inayoweza kupenya ngozi, na si jambo la kufanywa kwenye beseni la nyumbani. Hata kwa njia ya kawaida, mtu huvaa glavu, hulowesha uchafu ili vumbi lisiruke, na hafanyi kazi hiyo karibu na chakula wala watoto. Hapa nchini, kumiliki silaha kunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maswali yote ya vifaa vyake huanzia polisi.

Sifa mbaya

Wakati Maxim akiuza utulivu, wengine walinunua hofu. Magazeti na baadaye sinema zilikigeuza kiwambo kuwa chombo cha muuaji anayenyata, na majimbo kadhaa ya Marekani yakakipiga marufuku, mengine yakihofia ujangili. Mwaka 1934 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyolenga hasa silaha za majambazi wa enzi ya Al Capone. Kiwambo kiliingizwa humo bila mjadala wa maana na kutozwa kodi ya dola 200, kiasi kilichopita mara nyingi bei yake. Kodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 90, hadi sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ilipoamuru ishuke kuwa sifuri kuanzia Januari 1, 2026, huku usajili ukibaki.

Maxim hakusubiri kusukumwa. Kabla ya sheria ya 1934 kampuni yake ilikwishaachana na bunduki na kugeukia viwambo vya injini, mashine za kusukuma hewa na hata madirisha ya majengo ya mijini. Biashara hiyo ilimlipa vizuri kuliko ile ya awali.

Sauti za mbali

Ajabu ni kwamba mtu huyu wa ukimya ndiye pia aliyewawezesha maelfu ya watu kuzungumza. Mwaka 1914 alitaka kuwasiliana kwa redio na mtu wa Springfield, umbali usiozidi kilomita 45 kutoka kwake Hartford, akashindwa. Alimwomba mwenzake aliyekuwa katikati, mji wa Windsor Locks, aupokee ujumbe na kuupeleka mbele. Kutokana na hilo yeye na kijana Clarence Tuska walianzisha umoja wa wapenzi wa redio wa Marekani, ARRL, uliopokezana ujumbe kituo kwa kituo, mfano wa wapagazi wa zamani waliobadilishana mizigo njiani. Mwaka 1925 mjini Paris uliundwa umoja wa kimataifa, naye akawa rais wake wa kwanza.

Februari 1936 akiwa safarini kwa treni kwenda California na mkewe aliugua ghafla, akateremshwa La Junta, Colorado, na kufariki dunia Februari 17 akiwa na umri wa miaka 66. Alizikwa Hagerstown, Maryland, kwao Josephine.

Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake kuhusu baba yake. Mtu angetarajia malalamiko ya mtoto aliyeachwa. Badala yake Percy alisimulia vituko vya baba wa utotoni mwake, kwa ucheshi na upendo, akaiacha ile miaka ya London ijitetee yenyewe. Hollywood iliigeuza hadithi hiyo kuwa filamu mwaka 1946.

Alama yake ya redio, W1AW, ilirithiwa na kituo kilichojengwa Newington, Connecticut, mwaka 1938 kwa kumbukumbu yake, na bado inasikika hewani.