Zátopek: Alisema ni dhaifu, daktari akasema akimbie

Mwaka 1941 kiwanda cha viatu cha Bata katika mji wa Zlín, Czechoslovakia, kilikuwa na mbio kwa vijana wake. Ndiyo, Bata hiyohiyo ambayo viatu vyake wengi wetu tulivivaa kwenda shule. Mkufunzi wa michezo alipita akichagua wa kukimbia, akamnyooshea kidole Emil Zátopek, kijana wa miaka 18. Emil hakutaka. Alijitetea kwamba mwili wake ni dhaifu na mbio haziwezi. Mkufunzi hakubishana naye, alimpeleka akapimwe. Daktari alimkagua, akasema huyu ni mzima, akimbie. Akakimbia, na kati ya vijana wapatao 100 akashika nafasi ya pili.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya huyo daktari. Kila muhula hunijia mzazi anayetaka barua ya kumtoa mtoto kwenye mchakamchaka na michezo ya shule kwa kuwa mtoto ni mlegevu, anachoka haraka. Wapo watoto ambao lazima tuwaangalie kwa makini. Mwenye selimundu aruhusiwe kupumzika na kunywa maji anapotaka, wala asilazimishwe kushindana na wenzake. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu. Na mtoto anayezimia au kubanwa na kifua akiwa anakimbia, au ambaye katika ukoo wao kuna kijana aliyefariki ghafla bila kuugua, asikimbie mpaka moyo wake upimwe. Hao wakishatengwa, wengi wanaobaki ni kama Emil. Ni wazima, walichokosa ni mazoea.

Emil alizaliwa Septemba 19, 1922, katika mji wa Kopřivnice, mtoto wa saba wa familia ya kipato kidogo. Alianza kazi kiwandani akiwa na miaka 16. Baada ya zile mbio alijiunga na klabu, akaanza kujifunza mwenyewe kwa kusoma na kusikia habari za Paavo Nurmi, bingwa wa Finland wa miaka ya 1920. Mwaka 1944 alikuwa ameshika rekodi za nchi yake katika mita 2,000, 3,000 na 5,000. Vita ilipokwisha aliingia jeshini. Mwaka 1946 alikwenda Oslo kwenye mashindano ya Ulaya na kuwa wa tano katika mita 5,000. Mita 10,000 alianza kuzishindania mwaka 1948, na mwaka huohuo akachukua dhahabu ya umbali huo katika Olimpiki ya London, na fedha katika mita 5,000. Marathoni hakuigusa mpaka 1952.

Hesabu miaka hapo, msomaji. Kutoka mbio zile za kiwandani hadi kilomita 42 na mita 195 alitumia miaka 11, naye alikuwa mtu mwenye kipaji ambacho dunia haijaona mara nyingi. Siku hizi karibu kila wikiendi kuna mbio za hisani mjini, na zote huitwa marathoni hata zikiwa za kilomita 5. Jina hilo linawachanganya watu. Mtu wa miaka 45 ambaye hajakimbia tangu sekondari hununua fulana na raba mpya, hujiandikisha kilomita 21 kwa sababu wenzake wa ofisini wamejiandikisha, halafu Jumatatu anapanda ngazi za kliniki akishika ukuta.

Kitaalamu, tatizo liko hapa. Moyo na mapafu huanza kuzoea mazoezi ndani ya wiki chache, kwa hiyo mtu hujiona ana pumzi. Mifupa na kano huchukua miezi. Pumzi inamwambia aongeze, wakati ugoko na kisigino bado havijawa tayari. Ndipo tunapoona maumivu ya ugoko yasiyokwisha, kano ya kisigino iliyovimba, na wakati mwingine ufa mdogo kwenye mfupa ambao picha ya kwanza ya eksirei inaweza isiuonyeshe. Maumivu yanayokaa sehemu moja ya mfupa, ukiibonyeza kwa kidole unashtuka, na yanazidi kadiri unavyokimbia, si ya kuchua kwa dawa na kuendelea. Pumzika, njoo tuyaangalie.

Zátopek alipata sifa kwa namna yake ya kufanya mazoezi, ambayo watu wa wakati wake waliicheka. Alikimbia kipande kifupi kwa kasi, mita 100, 200 au 400, kisha akapoa kwa mchakamchaka wa polepole, kisha kasi tena. Waliomwona walimwambia hayo ni mazoezi ya mbio fupi. Yeye alijibu kwa hesabu: kipande cha mita 100 ukikirudia mara 20 ni kilomita mbili. Alikimbia msituni, kwenye theluji, hata akiwa na buti za jeshi, na miaka ilivyokwenda akafikia kurudia mita 400 mara 40 na zaidi kwa siku. Idadi hiyo simshauri mtu yeyote. Lakini wazo lenyewe, la kupokezana kasi na kupoa, ndilo ninalompa mgonjwa wangu anayeanza kabisa: kimbia dakika moja kwa mwendo unaokuwezesha bado kuongea, tembea dakika mbili, rudia mpaka nusu saa iishe. Mara tatu kwa wiki, na siku ya mapumziko katikati. Kila baada ya wiki mbili punguza kutembea kidogo. Ukiweza kukimbia nusu saa bila kusimama, hapo ndipo tuzungumze kuhusu kilomita 5, na kilomita 10 zije miezi kadhaa baadaye. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anaweza kukimbia, tena inamfaa, ila apimwe kwanza na dawa zake ziangaliwe, hasa anayetumia insulini, kwa kuwa sukari inaweza kushuka akiwa barabarani.

Kuhusu mtindo, wasiwasi wa wengi ni bure. Zátopek alikimbia vibaya kuliko bingwa yeyote unayeweza kumfikiria. Kichwa kiliyumba, ulimi nje, uso umekunjamana kama mtu anayeng'olewa jino bila ganzi. Miguu yake ilikuwa sawa, na hiyo ilitosha.

Sasa sehemu ya maisha yake ambayo mimi kama daktari siipendi. Mwaka 1952, kabla ya Olimpiki ya Helsinki, aliugua maambukizi, na madaktari wakamshauri asishindane kwa kuhofia moyo wake. Hakuwasikiliza. Alikwenda Helsinki, akashinda mita 10,000 Julai 20, mita 5,000 Julai 24, na Julai 27 akaingia kwenye marathoni ya kwanza maishani mwake. Njiani alimwuliza Mwingereza Jim Peters, aliyekuwa na muda bora duniani, kama mwendo ule ni sahihi. Peters akamjibu kuwa ni wa taratibu mno. Zátopek akaongeza. Peters alishindwa kumaliza, na Zátopek akafika uwanjani kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 3. Hakuna mwingine aliyewahi kushinda mbio zote tatu katika Olimpiki moja. Mwenyewe alisimulia kuwa wiki nzima baada ya hapo kutembea kulimshinda.

Kisa hicho kinasimuliwa kama ushujaa, na wakimbiaji wetu hukichukua kama ruhusa. Virusi vinavyoleta homa vinaweza kuingia kwenye misuli ya moyo na kuivimbisha, na mazoezi mazito wakati huo yanaweza kuvuruga mapigo mpaka mtu akaanguka. Zátopek alinusurika. Walioanguka hawaandikiwi vitabu. Ukiwa na mafua tu puani, tembea au kimbia kidogo. Ukiwa na homa, maumivu ya mwili au kifua kizito, lala. Na homa ikiisha ngoja siku kadhaa, kisha anza upya taratibu. Hili linawahusu zaidi vijana wa shule wanaotumwa kushindana wakiwa na malaria wiki hiyohiyo.

Miaka minne baadaye bahati ilipungua. Alipata ngiri akafanyiwa upasuaji wiki chache kabla ya Olimpiki ya Melbourne ya 1956. Madaktari walimtaka apumzike miezi miwili, yeye akarudi mazoezini mara tu alipotoka hospitali. Alimaliza marathoni, lakini wa sita. Aliyeshinda alikuwa Alain Mimoun wa Ufaransa, ambaye kwa miaka mingi Zátopek alikuwa akimwacha nyuma.

Aliacha mashindano muda mfupi baadaye. Mwaka 1968 aliunga mkono mageuzi ya kisiasa nchini mwake, na majeshi ya Kisovieti yalipoyazima alivuliwa cheo chake cha jeshi, akafanya kazi za suluba kwa miaka mingi kwenye kambi za uchimbaji. Jina lake lilisafishwa baada ya utawala ule kuanguka. Alifariki Prague Novemba 2000, akiwa na miaka 78, kutokana na kiharusi. Mkewe Dana, ambaye walizaliwa siku moja mwaka mmoja, na ambaye huko Helsinki alichukua dhahabu ya kutupa mkuki siku ileile mumewe aliposhinda mita 5,000, aliishi mpaka Machi 2020, akafikisha miaka 97.