Velázquez na walevi wake

Diego Velázquez alizaliwa ku Sevilla, inchi ya Hispania, mu mwaka 1599. Alijifunza kazi kwa muchoraji Francisco Pacheco, kiisha akaoa binti yake, Juana. Tangu ujana alipenda kuchora watu wa chini: mama muzee anapika mayai, muzee anauzisha maji. Mu 1623 akaingia kazi ku nyumba ya mufalme Philippe wa Ine, ku Madrid.

Mu 1628 na 1629 akachora picha yenye sisi tunapenda kupita zote. Bacchus ni mungu wa divai wa Waroma wa zamani. Wachoraji wengine walimuweka katikati ya ngoma na wanawake wenye kucheza. Velázquez alimuikalisha kifua wazi, majani ku kichwa, pamoja na wanaume wa kijiji wenye nguo za kuchakaa na nyuso za kuunguzwa na jua. Mumoja amepiga magoti, mungu anamuvalisha taji ya majani sawa vile medali. Mwengine ameshika bakuli ya divai, anatuangalia na kucheka. Divai inamuondolea maskini mateso kwa saa kidogo, ndiyo maana yake. Na Bacchus mwenyewe hawaangalie. Macho yake iko pembeni.

Watu wakaita ile picha Los Borrachos, ni kusema Walevi. Wengine wanasema aliwachekelea. Sisi hapana. Mutu wa kuchekelea hapotezi siku nyingi namna ile juu ya mikunjo ya uso. Sisi wenye kutoka mu shimo na vumbi ku meno, tunajua uso wa mutu anayekunywa sababu amechoka.

Mufalme alitoa amri alipwe dukati 100. Lakini kulipwa ku nyumba ya mufalme ilikuwa kazi ingine: mushahara ulichelewa mara mingi, na mu vitabu vya hesabu nguo zake ziliandikwa pamoja na za vinyozi.

Tusifiche kitu: yeye pia alikuwa na mutumwa, Juan de Pareja, mwenye kumusaidia ku kazi ya rangi. Mu 1650, ku Roma, alimuandikia barua ya uhuru, lakini na sharti ya kutumika miaka 4 tena.

Velázquez alikufa ku Madrid tarehe 6 Agosti 1660. Juana akamufuata siku 8 nyuma. Hazina ya mufalme ikadai deni, na vitu vyake vikafungwa. Ile hesabu ilimalizika mu 1666. Mufalme mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.