Alice Hamilton na vumbi la risasi

Wengi wetu hapa fakulteni tukisikia neno risasi tunafikiria bunduki. Lakini neno hilo, tulilolipokea kutoka Kiarabu, kwanza ni jina la madini yenyewe, na madini hayo yameua watu wengi bila bunduki yoyote. Nataka kusimulia maisha ya daktari aliyeyafuatilia ndani ya viwanda vya Marekani, kwa sababu yananionyesha kwamba afya ya mfanyakazi hujulikana pale tu mtu anapokubali kulipia swali bila kuogopa jibu.

Alice Hamilton alizaliwa New York mwaka 1869, akakulia Fort Wayne, Indiana. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893, akaendelea na masomo Ujerumani. Mwaka 1897 alihamia Chicago, akaishi Hull House, nyumba ya Jane Addams iliyokuwa katikati ya mitaa ya wahamiaji maskini. Huko ndiko alikoanza kusikia habari za watu walioharibiwa na kazi zao.

Mwaka 1910 jimbo la Illinois lilimpa kazi ya kuongoza uchunguzi wa magonjwa ya kazini, kwa fedha za umma. Hakukuwa na orodha ya wagonjwa. Alipekua madaftari ya hospitali, akawauliza mapadri na wauza dawa, akabisha hodi nyumbani kwa wafanyakazi. Siku moja alikuta Mpolandi aliyepooza kwa sumu ya risasi, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka enameli mabeseni ya kuogea. Alikwenda kiwandani, akaonyeshwa kazi isiyo na hatari. Wafanyakazi ndio waliomweleza baadaye kwamba enameli yenyewe ilipakwa mahali pengine. Alifika huko, akaona watu wakinyunyizia unga juu ya mabeseni yaliyowaka moto, akachukua unga kidogo ukapimwe. Risasi ilikuwamo. Mwaka 1911 Illinois ilipitisha sheria ya magonjwa ya kazini.

Baadaye serikali kuu ilimtuma kuchunguza nchi nzima. Hakupewa mshahara: serikali ingenunua ripoti yake ikikamilika. Wala hakuwa na haki kisheria ya kuingia kiwandani. Aliingia kwa kubembeleza. Mkuu mmoja wa kampuni kubwa ya risasi alikataa kuamini kwamba watu wake wanaugua. Hamilton alirudi na wagonjwa 22 waliothibitishwa, na mkuu yule akarekebisha viwanda vyake.

Mwaka 1919 akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard. Alistaafu mwaka 1935 bila kupandishwa cheo hata mara moja. Akiwa huko, kampuni za risasi zililipia utafiti wa Harvard kuhusu sumu hiyo. Sisemi fedha hizo zilikuwa haramu. Utafiti ule uliwafundisha madaktari mengi. Lakini mwaka 1925, risasi ilipokuwa imeanza kutiwa kwenye petroli, Hamilton alionya waziwazi, na biashara ikaendelea kwa miongo mingi. Kwangu mimi hapo ndipo funzo lilipo: kampuni inaweza kulipia maarifa, ila kuyatii ni jambo jingine.

Alifariki Septemba 1970, akiwa na miaka 101. Desemba ya mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria ya usalama na afya kazini, iliyounda pia taasisi ya utafiti inayolipiwa na umma.

Sisi wa lugha tuna sehemu yetu katika jambo hili. Hapa Katanga mchimbaji anaeleza kifua chake na mgongo wake kwa Kiswahili, huku fomu mara nyingi ikiandikwa kwa Kifaransa. Anayelipia vipimo vya damu na alipie pia mkalimani mzuri, maana Hamilton aliupata ukweli wa mabeseni kwa kuwasikiliza wenye kazi yao.